Redio ya Ridhaa na Watu wa Ziwa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa jijini Mwanza mbele ya wavuvi, madereva na vijana wanaojifunza ufundi wa umeme. Tunayachapisha kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu wananchi wote wa mwambao wa Ziwa Victoria.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa mialoni, ndugu madereva, nanyi vijana wa ufundi,

Nimeombwa nieleze namna mtu mwenye redio ya kutuma na kupokea ndani ya gari lake, au ndani ya mtumbwi, anavyoweza kuutumia mtambo ulioko juu ya kilima ili sauti yake ifike mbali. Mtambo huo waendeshaji wa redio za ridhaa huuita ripita. Nitaueleza kwa kadiri ya uwezo wangu. Lakini kabla sijaugusa mtambo wenyewe yanipasa niseme kwa nini jambo hili lizungumzwe hapa Mwanza, mbele ya watu wenye kazi zao, badala ya kuachiwa wachache wanaopenda kuchezea nyaya usiku.

Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Tangu Mwanza mpaka Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 170 za maji na visiwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kuja hapa kwetu, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliangukia majini mbele ya uwanja wa Bukoba. Watu 19 walipoteza maisha, na waliookolewa waliwakuta wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika. Hayo ni maafa ambayo taifa zima liliyalilia. Yapo mengine ambayo hayaandikwi magazetini: mtumbwi wa watu 4 wenye karabai, uliotoka jioni kwenda kuvua dagaa, na asubuhi haukurudi. Kila mwalo una majina ya watu wa namna hiyo.

Sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani kwamba nimesema redio ingeliwaokoa wote hao. La hasha. Kivuko cha Ukara kilikuwa kimetengenezwa kuchukua watu wapatao 100, na siku ile kilibeba watu wengi zaidi ya hapo mara kadhaa. Redio haipunguzi mzigo, wala haimfanyi nahodha akatae abiria anaowaona wamesimama gatini na vikapu vyao. Ninachokidai ni kidogo kuliko hicho, nacho naamini ni cha kweli: kati ya saa ya ajali na saa ya msaada kuna muda, na urefu wa muda huo hutegemea ni nani aliyesikia, na alisikia lini.

Hapa mtu ataniuliza, “Je, ndugu, simu za mkononi hazipo?” Zipo, na nyingi. Lakini simu ina tabia mbili zinazotuponza. Ya kwanza, hutegemea minara iliyojengwa kuwahudumia watu wa nchi kavu; ukishavipita visiwa kadhaa, alama za mtandao hupungua moja moja mpaka zinakwisha. Ya pili ndiyo kubwa zaidi. Simu humpigia mtu mmoja. Akiwa amelala, au simu yake imezimika, umekwisha. Redio huwasemea wote walio kwenye masafa yale kwa wakati mmoja: aliyeko Kirumba, aliyeko Nansio, dereva aliyeko njiani Bunda, na mtumbwi ulioko kilomita 5 kutoka kwako ambao wala hukujua kwamba upo. Wazee wetu walipopiga mbiu ya mgambo hawakuchagua wa kuisikia.

Watu wa umri wangu mtakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, jinsi vikundi vya wananchi vilivyokusanyika kwa saa maalumu kuizunguka redio moja kijijini na kujifunza kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ilikuwa kazi kubwa na yenye manufaa. Redio ile ilisema, sisi tukasikiliza. Hii ninayoizungumzia leo, aliyekuwa akisikiliza naye husema.

Sasa tuingie kwenye mtambo.

Mawimbi ya redio tunayoyatumia kwa kazi hii, yale ya megahezi 144 hadi 146, husafiri karibu sawa na macho yaonavyo. Yakikuta kilima, yanakwama. Yakikuta mviringo wa dunia, yanapita juu na kwenda zake angani. Iko kanuni nyepesi ambayo kijana yeyote wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4 na chembe kidogo, nawe utapata kilomita ambazo mawimbi yanafika kabla dunia haijayaficha. Mvuvi aliyekaa mtumbwini na antena yake ikiwa mita 2 juu ya maji anapata karibu kilomita 6. Mitumbwi miwili ya namna hiyo, kila mmoja na kilomita zake 6, itasikilizana kwa kilomita 12 hivi, si zaidi. Ukiongeza nguvu ya redio kutoka wati 5 hadi wati 50, sauti itakuwa safi zaidi ndani ya kilomita hizo, lakini dunia haitainama kukupisha. Nimewaona watu wakiuza mbuzi ili wanunue redio yenye wati nyingi, kumbe kilichohitajika ni mlingoti.

Basi, tuchukue mfano wa kilima kimoja kati ya vilima hivi vya mawe vinavyoizunguka Mwanza, tuseme kina mita 150 juu ya uso wa Ziwa. Antena iliyosimama hapo inaona kilomita 50. Ongeza zile 6 za mtumbwi, ni 56. Nansio iko karibu kilomita 50 kutoka hapa. Kwa hiyo mtu aliyeko majini nje ya Nansio, ambaye peke yake hawezi kusikika hata nusu ya njia, sasa anasikika Mwanza, mradi asifichwe na kisiwa au kilima. Hiyo ndiyo ripita: mtambo uliowekwa mahali pa juu, wenye kupokea sauti hafifu na papo hapo kuitoa upya kwa nguvu zake wenyewe, ili wote walio chini waisikie.

Hesabu ile ile inatuonyesha pia mahali inapokomea. Ukara iko mbele zaidi, karibu kilomita 80. Kilima cha Mwanza hakiifikii. Atakayetaka kuihudumia Ukara hana budi kuweka mtambo wa pili Ukerewe, na kuiunganisha mitambo hiyo miwili. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kukiweka kila kitu mjini na kisha kuwaambia watu wa visiwani kwamba wamehudumiwa.

Kuna swali moja ambalo vijana huniuliza kila mara: mtambo unawezaje kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja bila kujisikia wenyewe? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba hutumia masafa mawili. Katika sehemu yetu ya dunia, pamoja na Afrika na Ulaya, desturi ni kuyatenganisha kwa kilohezi 600. Kama ripita inatoa sauti kwenye megahezi 145.600, basi husikiliza kwenye 145.000. Hata hivyo kilohezi 600 ni umbali mdogo sana, na mtambo unaonguruma kwa makumi ya wati ungelizima masikio yake wenyewe. Ndiyo maana kati ya antena na mtambo huwekwa mapipa ya chuma yaliyotengenezwa kwa vipimo vya makini, ambayo kila moja hupitisha masafa yake na kuyafungia mengine. Mapipa hayo ni ghali na mazito. Kuyarekebisha kunataka uvumilivu, na fundi atakayejifunza kazi hiyo vizuri hatakosa mkate wake popote Afrika Mashariki.

Redio yako ya gari lazima ifanye kinyume cha mtambo: isikilize 145.600, na ukibonyeza kitufe cha kusemea iruke yenyewe kwenda 145.000. Redio za siku hizi hufanya hivyo bila taabu ukishaziamuru. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kusahau amri hiyo. Husikia kila mtu, naye hasikiki na mtu, akadhani anadharauliwa. Kosa la pili ni mlio. Ripita nyingi hufungwa kwa ufunguo wa sauti nyembamba inayotumwa chini ya maneno yako, ambayo sikio haliitambui lakini mtambo unaitambua, hezi 88.5 ni mojawapo ya zinazotumika sana. Bila mlio huo mlango haufunguki. Shabaha yake ni kuuzuia mtambo usiamshwe na kila mngurumo wa injini na kila radi. Hauwekwi kwa ajili ya kuwafungia watu nje, na kwa hiyo namba yake haina haja ya kuwa siri.

Kuhusu antena, ndugu madereva, niwieni radhi nikisema kwamba wengi wenu mnaziweka vibaya. Antena ya masafa haya, ya robo ya wimbi, haizidi nusu mita. Mahali pake ni katikati ya paa la gari, kwa sababu bati la paa ni nusu ya pili ya antena yenyewe. Ukiifunga kwenye bampa, mawimbi yatakwenda zaidi upande mmoja, na abiria wako watakuwa wameyakalia. Kwenye mtumbwi wa mbao hakuna bati. Hapo antena ya robo haifai, na lazima itafutwe ile ya nusu wimbi, yenye urefu wa mita 1, isiyohitaji chuma chini yake. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio. Redio ya wati 50 hula ampea 10 hivi inaposema, na waya mwembamba wenye kugusana utakupa moto badala ya sauti. Kwa mtumbwi wati 5 au 10 zinatosha kabisa, na betri ndogo yenye paneli ya jua itaulisha mtambo wa namna hiyo siku zote.

Jambo jingine ambalo halimo vitabuni sana, lakini kila dereva wa barabara zetu atalikuta. Ukipita kati ya mawe makubwa na vilima, sauti ya ripita hukatika-katika, kana kwamba mtu anapitisha kidole kwenye meno ya kitana. Mawimbi yanayokuja moja kwa moja na yale yaliyogonga mwamba yanakutana na kuuana. Usibishane nayo. Simamisha gari, ikiwa bado ni hafifu, sogea mbele nusu hatua tu. Urefu wa wimbi letu ni mita 2, na robo ya urefu huo yatosha kukutoa kwenye shimo na kukupandisha kwenye kilele.

Aidha, jioni nyingine juu ya Ziwa, hewa inapokuwa imetulia, mtasikia vituo vya mbali ajabu. Furahini navyo. Lakini asiwepo mvuvi atakayesema, “Jana nilisikika hadi mbali, na leo nitatoka bila wasiwasi.” Hali ya hewa ilikuazima kwa usiku mmoja.

Sasa adabu. Mtambo ni mmoja na watu ni wengi. Anayesema anawanyamazisha wote wengine, apende asipende. Kwa hiyo sikiliza kwanza. Bonyeza kitufe, subiri kitambo kidogo ili mlango ufunguke, ndipo useme. Wasiosubiri hupoteza neno lao la kwanza, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la mahali walipo. Taja alama ya kituo chako, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H. Sema kwa ufupi. Ukimaliza, na mwenzako naye akimaliza, acheni pumzi mbili tatu za ukimya kabla ya kuendelea. Mtambo mwingi wa namna hii una saa ndani yake inayomkata msemaji baada ya dakika 3 hivi. Kuna wazee fulani, ambao sitawataja maana wamo humu, watakaohutubia hewa tupu mpaka waelewe hivyo.

Zile pumzi za ukimya zina kazi. Ndizo nafasi anayoingilia mwenye shida. Akiingia, wengine wote huacha mazungumzo yao, mmoja huchukua uongozi, na wengine hawasemi mpaka waitwe. Mwenye shida aseme kwanza alipo, kisha shida ni nini, kisha watu wangapi. Mpangilio huo ufundishwe mpaka uzoeleke, kwa kuwa mtu mwenye hofu huanza kueleza habari za tangu asubuhi.

Na ikiwa ripita yenyewe imekufa? Radi imeipiga, au mwizi kachukua betri? Basi rudini kwenye mazungumzo ya ana kwa ana bila mtambo, kwenye masafa mliyokubaliana kabla. Desturi kwa wengi ni 145.500. Kilomita zitakuwa chache, na ujumbe utapokezwa kwa mdomo kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Hili lifanyiwe mazoezi angalau mara moja kwa mwezi, mtambo ukizimwa kwa makusudi. Kikundi ambacho hakijawahi kuuzima mtambo wake hakijui kama kina mawasiliano au kina mtambo tu.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali ambapo sina budi kunena juu ya sheria, maana najua yanayonong'onwa. Mtu mwenye redio na antena ndefu hutazamwa kwa jicho la mashaka, na mashaka hayo si ya kipumbavu. Nchi inayo haki ya kujua nani anasema nini angani. Lakini redio ya ridhaa ni kinyume cha siri. Kanuni zake za kimataifa hudai kusemwa waziwazi, kwa lugha inayoeleweka, bila mafumbo ya kuficha maana. Kila kituo kina alama yake, na kila alama ina mwenyewe. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kutumia masafa bila idhini ni kosa kwa sheria za nchi. Sitamsaidia mtu yeyote anayetaka kukwepa njia hiyo.

Vilevile redio ya ridhaa si ya biashara. Hairuhusiwi kuuliza bei ya sangara wala kuita gari la mzigo. Chombo kinachofanya kazi majini kina masafa yake ya bahari na maziwa, na mlango wa dharura katika masafa hayo ni chaneli 16, megahezi 156.8. Nchi zetu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana katika mradi wa mawasiliano na uchukuzi wa Ziwa Victoria, na Mwanza ikachaguliwa kuwa mahali pa kituo cha kuratibu uokoaji. Hiyo ndiyo njia kuu. Watu wa ridhaa ni njia ya kando, na njia ya kando huthaminiwa siku ile daraja linapokatika.

Si maneno matupu. Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio ulizihimiza serikali ziwawezeshe waendeshaji wa ridhaa kujiandaa kwa ajili ya maafa. Mwaka uliofuata, Desemba 2004, mawimbi makubwa ya bahari yalipoifagia Asia ya kusini, kikundi cha waendeshaji wa ridhaa wa India, kikiongozwa na mama mmoja, Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman kwa shughuli ya kujifurahisha tu. Simu zilikatika. Kikundi hicho kikaacha mchezo wake na kugeuka kuwa kinywa cha visiwa vile, kikipeleka na kupokea habari za walio hai na waliokufa. Wao walitumia masafa mafupi yanayovuka bahari, si ripita. Lakini tazameni: mitambo ilikuwa tayari, betri zilikuwa tayari, na mikono ilikuwa imezoea. Huwezi kumkabidhi mtu redio siku ya maafa ukamwambia ajifunze.

Naomba basi mambo matatu, na nitayasema upesi. Vijana walioko katika vyuo vya ufundi wafanye mtihani na kupata leseni, hata kama mwaka wa kwanza watakuwa 5 tu. Kila mwalo mkubwa uwe na mtu mmoja anayesikiliza usiku kwa zamu, na zamu hiyo iandikwe ubaoni ili ijulikane nani alilala. Na wale wanaopanga bajeti za halmashauri za visiwani wauangalie mlingoti mmoja na betri zake kama wanavyouangalia mtungi wa dawa katika zahanati.

Hapa mezani nimeweka redio mbili. Moja itabaki kwangu. Nyingine itakwenda na kijana huyu mpaka nyuma ya kilima, mahali ambapo hatuwezi kuonana naye. Tutamwita kwanza ana kwa ana, nanyi mtasikia makelele matupu. Kisha atapanda juu ya jiwe lile, na tutamwita tena. Ningependa wa kwanza kuninyang'anya kipaza sauti awe mmoja wa akina mama wanaowasubiri wavuvi pale mwaloni alfajiri. Mama, karibu mbele.